Meli ya Tumaini, na Kinachobaki Inapong'oa Nanga



Watu wa pwani na watu wa maziwa makuu wanazijua safari za kila namna. Yuko asafiriye kwa biashara, yuko asafiriye kutafuta elimu, yuko aendaye Hija, na yuko akimbiaye vita na njaa. Walakini ipo safari nyingine isiyotajwa sana barazani. Ni safari ya mtu mwenye kazi yake nzuri, nyumba yake na jamaa zake, ambaye huviacha vyote kwa muda, akapanda meli, akaenda kuwauguza watu asiowajua kwa jina wala kwa lugha, na mwisho wa mwezi asitazamie mshahara. Mazungumzo haya ni juu ya watu wa namna hiyo na meli iliyowachukua. Na swali lake ni moja tu: meli ya tiba inapong'oa nanga na kuondoka, ni kitu gani kinachobaki bandarini?

Asili ya habari hii ni daktari mmoja wa Marekani, jina lake William B. Walsh. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alikuwa tabibu katika manowari iliyokuwa ikizunguka Bahari ya Pasifiki. Huko visiwani aliona jambo lililomsumbua moyo kuliko mizinga ya vita. Aliona watoto wakifa kwa maradhi ambayo dawa zake zilikuwa zikijulikana, tena si za gharama kubwa. Hawakufa kwa sababu elimu haikuwapo duniani, bali kwa sababu elimu haikuwafikia. Vita vikaisha, daktari akarudi kwao akaendelea na kazi yake, lakini yale aliyoyaona hayakumtoka.

Mwaka 1958 Walsh aliasisi chama alichokipa jina la HOPE, maana yake Tumaini, akamwomba Rais Eisenhower ampe meli. Serikali ya Marekani ilikuwa na meli ya hospitali iliyokaa bure bandarini. Meli hiyo, iliyokuwa ikiitwa Consolation, ilijengwa mwaka 1944, na katika vita vya Korea iliwapokea majeruhi walioletwa kwa helikopta moja kwa moja kutoka uwanja wa mapigano. Ombi lake likakubaliwa. Wananchi wakachanga fedha, viwanda vikatoa dawa na vifaa, meli ikapakwa rangi nyeupe, na ubavuni ikaandikwa HOPE kwa herufi kubwa za kuonekana kwa mbali. Tarehe 22 Septemba 1960 ikaondoka San Francisco, ikashika njia ya Indonesia. Hivyo chombo kilichoundwa kwa ajili ya majeruhi wa vita kikawa chombo cha kuwatibu watu wasiopigana na yeyote.

Huenda mtu akauliza: kwa nini meli? Kwa nini madaktari wasipande ndege wakafika kwa siku mbili? Jawabu ni kwamba daktari peke yake, hata awe hodari namna gani, si hospitali. Chumba cha kupasulia chataka taa zisizozimika katikati ya kazi. Chataka maji safi, vyombo vilivyochemshwa, dawa ya usingizi na mtu ajuaye kuipima, damu iliyohifadhiwa katika baridi, na picha za eksirei. Pale pasipo umeme wa kutegemewa wala maji safi, daktari aweza kuujua ugonjwa barabara na bado asiweze kuuponya. Meli huja na vyote hivyo tumboni mwake. Huzalisha umeme wake, husafisha maji yake, na hubeba wodi zake, maabara yake na duka lake la dawa. Ni kijiji kizima cha tiba kinachoelea.

Lakini meli ina kasoro moja, na kasoro hiyo ndiyo kiini cha maneno haya. Meli haikai. Ilikuja, basi itaondoka. Mgonjwa atakayeugua siku moja baada ya nanga kung'olewa ataliona gati tupu. Na kama meli ilifanya kazi ya kutibu tu, basi yeye na yule aliyeugua kabla haijaja hali zao ni sawa.

Walsh na wenzake walilitambua jambo hili mapema, wakaliwekea kanuni. Kanuni ya kwanza ilikuwa kwamba meli haiendi mahali isipoalikwa. Serikali ya nchi iite, na matabibu wa nchi hiyo waridhie. Huo ndio uungwana wa mgeni, kwani mtu mwema haingii nyumba ya mwenzake bila kupiga hodi, ijapokuwa amebeba zawadi. Kanuni ya pili ilikuwa kubwa zaidi. Kazi ya kwanza ya meli ni kufundisha, na kutibu ni njia ya kufundisha. Kila daktari na kila muuguzi aliyekuja na meli alitakiwa afanye kazi bega kwa bega na mwenzake wa nchi ile. Mmoja alipopasua, mwingine alisimama karibu akitazama. Siku nyingine aliyetazama alishika kisu, na aliyekuwa na kisu akasimama pembeni.

Wazee walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Watu wengi huusema msemo huu wakiwa na maana ya mlo mzuri unaopikwa kwa ajili ya mgeni. Hapa maneno hayo yalitimia kwa maana yake ya asili kabisa: mgeni alikuja, na mwenyeji akapona. Lakini wazee hao hao walisema pia kwamba mgeni ni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wageni wa meli ile hawakungoja siku ya tatu. Walilishika jembe siku waliyofika.

Katika Indonesia meli ilitembelea bandari kadhaa za visiwa. Nchi ile, ambayo raia wake wengi ni Waislamu, ilikuwa imetoka katika ukoloni wa Waholanzi miaka michache tu iliyopita, na madaktari wake walikuwa wachache mno kwa wingi wa watu wake. Wagonjwa walikuja kwa miguu, kwa mashua na kwa mikokoteni. Walikuwako wenye mtoto wa jicho, wenye uvimbe wa miaka mingi shingoni, watoto waliozaliwa na mdomo uliopasuka, na wenye kifua kikuu. Hakuna aliyeulizwa dini yake. Aliyeulizwa aliulizwa panapomuuma.

Kilikuwako melini kitu kimoja kilichowachekesha watu kisha kikawastaajabisha, nacho kiliitwa ng'ombe wa chuma. Kilikuwa mtambo wa kutengeneza maziwa. Maji ya bahari yaliondolewa chumvi, yakachanganywa na unga wa maziwa na mafuta yake, yakatoka maziwa safi ya kunywa. Watoto waliodhoofika kwa utapiamlo walipewa. Wenye hekima waliona ndani ya kikombe kile somo, kwamba mtoto mwingi aliyelazwa hospitali hakuhitaji kisu wala sindano. Alihitaji chakula cha kujenga mwili, na mama yake alihitaji kujua ni chakula gani.

Baada ya Indonesia meli ilifika Vietnam ya Kusini mwaka 1961, kisha Peru mwaka 1962, Ekuador mwaka 1963, na mwaka 1964 ikaja Afrika, ikatia nanga Conakry, mji mkuu wa Guinea. Habari ya Guinea yafaa kukumbukwa na kila Mwafrika. Mwaka 1958 watu wa nchi ile waliulizwa na Ufaransa kama wataka kubaki chini ya mkono wake, wakajibu hapana, wakapata uhuru tarehe 2 Oktoba mwaka ule ule. Wafaransa wakawaondoa watumishi wao kwa haraka na kuchukua vifaa vingi. Nchi changa ikabaki na bendera yake, heshima yake, na upungufu mkubwa wa watu wenye ujuzi. Katika hali kama hiyo yaonekana wazi tofauti ya misaada miwili. Msaada unaoshikwa na mkono wa mtu mwingine, siku akikasirika huondoka nao. Msaada uliokwisha ingia kichwani na mikononi mwa mwenyeji, hapana awezaye kuupakia melini.

Sasa yapasa kumtazama huyo mtu aliyejitolea, maana mara nyingi husifiwa meli na kusahauliwa aliyemo. Madaktari waliokuwa wakija kwa zamu katika meli ya Hope hawakulipwa mshahara. Aghalabu kila mmoja alikaa kama miezi miwili, kisha mwingine akaja kushika nafasi yake. Waliobaki muda mrefu zaidi ni wauguzi na mafundi wa maabara, na wao ndio waliokuwa uti wa mgongo wa kazi yote, kwani ndio walioyajua majina ya wagonjwa na ndio waliokesha.

Maisha ya melini si ya anasa. Chumba cha kulala ni kidogo, aghalabu cha kushirikiana. Joto la bandari za nchi za tropiki hupenya chuma. Muuguzi aliyezoea hospitali ya kwao, ambako kila kitu kina mahali pake na kila mgonjwa husema lugha yake, hujikuta mbele ya mama asiyeelewana naye hata neno moja. Huko Guinea, mathalan, yuko asemaye Kisusu, yuko asemaye Kifula, yuko asemaye Kimaninka, na Kifaransa ni cha wachache waliosoma. Hivyo mkalimani huwa mtu mkubwa kuliko daktari. Asipofasiri sawasawa, dawa ya kunywa mara moja hunywewa mara tatu. Muuguzi mwenye busara hujifunza kwanza maneno matatu: salamu, pole, na wapi pauma. Kwa maneno hayo matatu mlango wa moyo hufunguka kidogo, na katika tiba mlango wa moyo una kazi kubwa.

Lakini taabu ya joto na lugha si kitu mbele ya taabu nyingine, ambayo kila aliyefanya kazi katika meli za namna hii huijua. Ni siku ya kuwachagua wagonjwa. Habari ya meli huenea mbali, na watu hufika alfajiri wakapanga mstari mrefu. Wengine wametembea siku nyingi. Wengine wamejifunika nguo usoni kwa sababu ya uvimbe ulioharibu sura zao, nao kwa miaka hawakutoka nje mchana. Mwanzo wa mstari amesimama muuguzi. Yeye hutazama, huuliza, hupapasa, kisha husema ndiyo au hapana. Vitanda vina hesabu, siku zina hesabu, na yako maradhi ambayo meli haiwezi kuyatibu. Saratani iliyokwisha enea haiondolewi kwa kisu. Ugonjwa unaotaka dawa za miaka mingi hautibiki na mgeni wa miezi michache.

Kusema ndiyo ni rahisi, na kila mtu hupenda kukumbukwa kwa ndiyo zake. Mtu aliyejitolea hupimwa kwa namna anavyosema hapana. Aweza kusema hapana kwa haraka, macho yake yakiwa tayari kwa mgonjwa anayefuata, na hapo huwa amemjeruhi mtu aliyekuja kutafuta dawa. Au aweza kukaa naye, kumweleza ukweli kwa upole kupitia mkalimani, kumpa kinachoweza kupunguza maumivu, na kumtendea kama mtu mwenye heshima kamili. Mgonjwa wa namna hiyo harudi nyumbani amepona, lakini harudi amedharauliwa. Wanaofikiri kujitolea ni kutoa muda na jasho tu hawajaijua sehemu ngumu kuliko zote, ambayo ni kubeba macho ya mtu uliyemwambia hapana.

Si haki kuyaficha malalamiko yaliyotolewa juu ya meli za hospitali, kwa maana sifa isiyo na mizani si ushahidi. Wako waliosema kwamba fedha zinazoliwa na meli moja, kwa mafuta, mabaharia na matengenezo, zingetosha kujenga hospitali nchi kavu. Wako waliosema kwamba katika miaka ile ya ushindani wa Marekani na Urusi, meli nyeupe ilikuwa pia tangazo la nchi iliyoituma. Na wako waliouliza swali la kitabibu: mgonjwa aliyepasuliwa leo, meli ikaondoka kesho, jeraha lake likioza atalitazama nani?

Malalamiko hayo yana ukweli ndani yake. Meli ni ghali. Serikali haitoi chombo chake bila kutazama faida ya jina lake. Na jeraha halijui ratiba ya nahodha. Walakini hoja zote tatu zaelekea mahali pamoja, nako ni kule kule kwenye kanuni ya pili. Kama yuko daktari mwenyeji aliyesimama kando ya kitanda tangu siku ya kwanza, basi jeraha lina mwenyewe. Kama wako wauguzi wenyeji waliojifunza kuuosha mkono, kukipika chombo na kuisoma homa, basi gharama ya meli haikuzama baharini. Ama kuhusu nia za wakubwa, mgonjwa aliyeondolewa mtoto wa jicho akamwona mjukuu wake hakuuliza habari za siasa, naye hakukosea.

Ushahidi mkubwa wa jambo hili ulitoka kwa wenye meli wenyewe. Baada ya Guinea, Hope ilifika Nikaragua mwaka 1966, Kolombia mwaka 1967, Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka, mwaka 1968, Tunisia mwaka 1969, Jamaika mwaka 1971, na Brazili mwaka 1972 na 1973. Katika baadhi ya nchi, meli ilipoondoka waliachwa walimu nchi kavu ili wayaendeleze mafunzo, na mfano wake ni Peru. Kadiri miaka ilivyopita ikaonekana kwamba kazi ya kufundisha yaweza kuendelea bila meli. Mwaka 1974 meli ile, iliyokuwa imezeeka, ikastaafishwa, kisha ikavunjwa, lakini chama hakikuvunjika. Kiliendelea na kazi yake kwa miguu. Maana yake ni kwamba watu waliokuwa na meli ndio waliofundishwa na meli yao wenyewe kwamba chombo si kitu kikuu. Kilicho kikuu ni mtu aliyejua, akamjulisha mwingine.

Tena yako mazingatio katika jambo lililotokea baadaye. Tarehe 26 Desemba 2004 mawimbi makuu ya tsunami yalipiga pwani za Bahari ya Hindi, na mahali palipoumia kuliko pote palikuwa Aceh, katika Indonesia. Hospitali zilisombwa, madaktari na wauguzi walikufa pamoja na wagonjwa wao. Mapema mwaka 2005 meli ya hospitali ya jeshi la majini la Marekani, iitwayo Mercy, ilifika karibu na Banda Aceh, na ndani yake walikuwamo madaktari na wauguzi wa kujitolea waliopelekwa na chama kile kile cha Tumaini. Walsh mwenyewe alikuwa amekufa tangu mwaka 1996. Hivyo miaka arobaini na mitano baada ya safari ya kwanza, njia aliyoifungua ilirejea katika nchi ile ile aliyoianzia, na waliopita humo walikuwa watu wengine.

Meli nyingine pia zimefuata njia hiyo. Mwaka 1978 Don Stephens na mkewe Deyon, ambao ni Wakristo, walianzisha chama cha Mercy Ships, na meli zake zimefanya kazi zaidi katika bandari za Afrika. Mojawapo ni Africa Mercy, iliyokuwa kivuko cha treni huko Denmark, nayo ilianza kazi ya tiba mwaka 2007. Ilikaa Pointe-Noire, katika nchi ya Kongo yenye mji mkuu Brazzaville, mwaka 2013 hadi 2014. Kisha ilipokuwa yataka kwenda Benin, maradhi ya Ebola yakazuka Afrika ya Magharibi, ikageuza njia ikaenda Madagaska. Meli mpya yao, Global Mercy, ilikamilika mwaka 2021. Ina vyumba sita vya kupasulia na nafasi za kufundishia, na mwaka 2023 ilitia nanga Freetown.

Katika meli hizo wanaojitolea hawakosi mshahara tu, bali wengi wao hulipa wenyewe gharama ya chakula na malazi. Na si madaktari peke yao. Mpishi, fundi wa umeme, mfagiaji na mwalimu wa watoto wa mabaharia, wote ni watu wa kujitolea. Mgonjwa akihitaji damu, huitwa mtu wa melini ambaye damu yake yapatana na ya mgonjwa, akanyosha mkono, na damu yake ikaingia mwilini mwa mtu wa nchi nyingine, kabila jingine, na aghalabu dini nyingine. Mama wa mtoto mgonjwa hulala juu ya godoro chini ya kitanda cha mwanawe. Na wanawake waliopona fistula, ugonjwa upatikanao kwa uzazi mgumu usiopata msaada, ambao humfanya mwanamke avujwe na mkojo hata akatengwa na watu, hupewa nguo mpya siku ya kuondoka. Hutoka wakiimba. Mtu aliyewahi kumwona mwanamke wa namna hiyo kijijini, akiketi peke yake mbali na wenziwe harusini, aweza kukisia nguo ile ina thamani gani.

Bandari za Afrika Mashariki nazo zimeiona meli ya hospitali. Mwaka 2010 meli ya China iitwayo Peace Ark ilifika Mombasa na Dar es Salaam, watu wakatibiwa bila malipo. Hiyo ni ya jeshi la majini, na matabibu wake ni watumishi wa jeshi, kwa hiyo haiingii katika hesabu ya kujitolea kwa maana ile ile. Lakini swali la gati tupu laihusu hiyo kama linavyozihusu nyingine.

Na watu wa ziwa Tanganyika wana kumbukumbu yao wenyewe. Mwezi Mei mwaka 2015, maelfu ya watu walioikimbia Burundi walikusanyika Kagunga, kijiji kidogo cha Tanzania kilichobanwa baina ya mlima na maji. Kipindupindu kikaingia. Meli kongwe ya Liemba, iliyojengwa Ujerumani mwaka 1913, ilitumika kuwachukua watu kuwapeleka Kigoma. Liemba si meli ya hospitali. Lakini siku zile mtu aliyejua namna ya kumrudishia maji mgonjwa wa kipindupindu alikuwa na thamani kuliko injini ya meli. Na ujuzi huo si wa siri. Maji safi yaliyochanganywa kwa kipimo sahihi na sukari na chumvi, yakanywewa kidogo kidogo bila kukoma, huokoa wengi kabla hawajafikia haja ya kutundikiwa maji. Mama yeyote aweza kufundishwa kwa robo saa. Mama aliyefundishwa ni hospitali isiyong'oa nanga.

Basi jawabu la swali lililotangulia ni hili. Meli ya tiba inapoondoka hubaki vitu viwili. Kwanza, hubaki watu waliopona, na hao ni neema isiyopimika kwao na kwa jamaa zao. Pili, hubaki elimu, ikiwa alikuwapo mwenyeji tayari kuipokea. Cha kwanza hutegemea mgeni. Cha pili hutegemea wenyeji pia, na hapo ndipo penye hatari. Mgeni akija kufundisha akakuta hakuna kijana aliyesoma kiasi cha kuelewa, atatibu atakaoweza, atafunga masanduku yake, ataondoka, na lawama haitakuwa yake.

Wanawake wengi wa Kiislamu huona haya kumwonyesha mwanamume maradhi yao, nao hukaa na ugonjwa hata ukawashinda. Dawa ya haya hiyo si kumlaumu mwanamke. Dawa yake ni kuwako wauguzi, wakunga na madaktari wanawake wa hapo hapo, wanaoijua lugha yake na adabu yake. Lakini binti hawi daktari kwa kuombewa tu. Yapasa baba amwache asome, mama amwondolee baadhi ya kazi za nyumbani, na jamaa wamchangie karo kama wanavyochangia harusi. Mzazi anayesema kwamba binti yake asishike wagonjwa, na wakati huo huo anataka mkewe atibiwe na mwanamke, yafaa ajiulize huyo mwanamke atatoka nyumba ya nani.

Fauka ya hayo, kujitolea hakuanzii baharini. Muuguzi anayetoa Jumamosi moja kwa mwezi kuwapima watoto wa mtaa wake, kijana anayemsindikiza mzee asiyeona hadi zahanati, mkunga anayemfundisha mdogo wake bila kuificha elimu yake, wote wamekwisha panda meli ile, ijapokuwa miguu yao ingali juu ya udongo. Na siku itakapotokea meli ya kweli kupiga honi bandarini, watu kama hao ndio watakaosimama gatini. Hawatasimama kupokea tu, bali watasimama kando ya kitanda, wakitazama mkono wa mgeni unavyokwenda, ili siku gati litakapokuwa tupu mgonjwa asirudi nyumbani bila kutazamwa.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa, awalipe kheri wanaowauguza, na awape vijana wa kike na wa kiume moyo wa kujifunza na mkono wa kutoa.